Mwanga unaokosa njia ya kutoka

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu masharti ya uakisi kamili wa ndani, naye atakutajia mawili bila kusita. Mwanga uwe unatoka kwenye kitu kizito zaidi kimwanga kwenda kwenye kilicho chepesi zaidi, na pembe ya kutua iwe kubwa kuliko pembe ya ukomo. Sasa mpe glasi ya maji, mwambie ainyanyue juu kidogo ya macho yake na kuutazama uso wa maji kutoka chini, kupitia ubavu wa glasi. Uso ule utamwonekea mweupe wa fedha, na hataona chochote kilicho juu yake. Mwulize kwa nini. Wengi hukaa kimya, na wachache hujibu kwamba maji yanang'aa. Masharti aliyokwisha kuyataja dakika moja iliyopita hayamjii kabisa, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba yanahusu kitu anachoweza kukishika mkononi.

Kwa miaka mingi mada hii imekaa kidato cha tatu, Tanzania na Kenya pia, ikiwa imebanwa katikati ya kupinda kwa mwanga na lenzi. Hupewa vipindi viwili, pengine kimoja. Mwalimu huandika fasili ubaoni, huchora miale mitatu, hutoa kanuni ya pembe ya ukomo, kisha hugawa hesabu za kufanya nyumbani. Mpangilio huo una sababu zake, na sitaki kuwalaumu wanaoufuata: darasa limejaa, maabara haina vipande vya kioo vya kuwatosha wote, na mtihani unakaribia. Hata hivyo unampa mwanafunzi jibu la swali ambalo hajawahi kujiuliza.

Ubaya mkubwa zaidi umo ndani ya michoro yenyewe. Katika mchoro wa kwanza mwale unatoka majini na kupinda. Katika wa pili unalala juu ya uso wa maji. Katika wa tatu umerudi wote ndani. Anayeitazama michoro hiyo kwa makini, tena mwanafunzi mwerevu ndiye anayetazama kwa makini, anaondoka na imani kwamba kuakisiwa kunaanzia kwenye mchoro wa tatu: mpaka digrii 48 mwanga wote unatoka, kisha kwenye digrii 49 wote unarudi. Fizikia haifanyi hivyo, na hapo ndipo penye hoja yangu yote. Uakisi kamili ni mwisho wa safari iliyoanza mapema, na anayefundishwa mwisho peke yake hana njia ya kuuelewa.

Kila mpaka kati ya vitu viwili angavu huakisi sehemu ya mwanga, hata pale mwale unapougonga wima. Kwenye mpaka wa maji na hewa sehemu hiyo ni kama asilimia 2 tu, ndiyo maana wachoraji huiacha. Mwale ulio majini ukitua kwa digrii 40, zikipimwa kutoka kwenye mstari unaousimamia uso wa maji wima, kinachorudi ni kama asilimia 5, na kinachotoka kinaelekea digrii 59 upande wa hewani. Kwa digrii 45 kinachorudi ni asilimia 13 hivi, na kinachotoka kimeinama mpaka digrii 70. Kwa digrii 48 kinachorudi kimepanda hadi karibu asilimia 40, na kile kidogo kinachoendelea kutoka kimelala digrii 81. Kutoka hapo haijabaki hata digrii moja. Ndani ya nafasi hiyo ndogo asilimia 60 iliyobaki inahamia yote kwenye mwale unaorudi, na ikifika digrii 48.75 hakuna kinachotoka tena. Kupinda na kuakisiwa vimekuwa vikigawana mwanga uleule tangu mwanzo, na mgawo wa mmoja umekuwa ukiongezeka kadiri wa mwenzake ulivyopungua.

Takwimu hizi si za kuandika ubaoni. Ni za mwalimu, ajue darasa lake linapaswa kuona nini: mwale wa nje ukififia huku ukiinama, wa ndani ukipata nguvu, na kasi kubwa ya mabadiliko mwishoni. Mwanafunzi asiulizwe kwanza mwale umekwenda wapi. Aambiwe aufuate kwa macho ule unaotoka, asiuache mpaka utakapotoweka.

Kwa hilo panahitajika chombo ambacho mwanga ukiingia haupindi, ili kupinda kwa aina moja tu kubaki mbele ya macho. Maabara zenye uwezo hutumia kioo cha nusu duara: mwale unaoelekezwa kwenye kitovu unaingia kwa njia ya nusu kipenyo, unaugonga ukingo wake wima, na kwa hiyo unapita bila kupinda. Shule isiyo na kioo hicho inaweza kukitengeneza kwa maji. Tafuta kopo angavu la plastiki la mviringo lenye kitako bapa na mfuniko unaokaza, aina ile ya kuwekea peremende au karanga dukani. Tia maji hadi nusu, ongeza matone mawili au matatu ya maziwa, kisha lilaze ubavu juu ya matofali mawili yaliyoachiana nafasi. Maji yaliyomo sasa yamekuwa nusu ya mcheduara, na uso wake wa juu unapita katikati kabisa ya kopo. Kabla ya kulifunga na kulilaza, ingiza moshi wa kijiti cha udi ujaze ile nusu ya juu. Chora mistari ya digrii kwa kalamu ya wino mzito kwenye kitako, ambacho ndicho kitakachowaelekea wanafunzi. Funga madirisha kwa kanga. Leta kalamu ya leza kutoka chini, uielekeze katikati ya uso wa maji.

Maziwa yanauonesha mwale ulio ndani ya maji, moshi unauonesha ulio hewani, na wote wawili, pamoja na ule dhaifu unaorudi, wanaonekana kwa mara moja. Hapo hakuna mwanafunzi anayehitaji kuambiwa kwamba mwale wa kuakisiwa ulikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa anauona. Sogeza leza polepole. Ukikaribia digrii 45 punguza mwendo zaidi, kwa sababu tukio lenyewe limejikusanya kwenye digrii chache za mwisho. Nimewaona walimu wakilipita eneo hilo kwa haraka ya mkono mmoja, na darasa likaona kile kile ambacho michoro mitatu iliwaonesha: kulikuwa na mwale, sasa haupo. Hili ni jaribio la kufanywa taratibu, kwenda na kurudi, mpaka wanafunzi wenyewe waanze kubishana ni wapi hasa mwale wa nje unapotea.

Tahadhari moja haina mjadala. Leza yenye nguvu zaidi ya miliwati 5 inaweza kuliharibu jicho, na nyingi zinazouzwa barabarani hazina maandishi ya kuaminika kuhusu nguvu zake. Tumia nyekundu, dhaifu. Simamisha ubao wa kadibodi nyuma na juu ya kopo ili kila mwale unaotoka ukomee hapo, na leza ishikwe na mwalimu. Kama leza haipatikani, tochi iliyozibwa kwa karatasi nyeusi yenye mwanya mwembamba inatosha, ila giza la chumba liwe kubwa zaidi.

Baada ya jaribio ndipo kanuni ije, na historia yenyewe inauunga mkono utaratibu huo. Johannes Kepler aliuandika uakisi kamili katika kitabu chake cha mwaka 1611, Dioptrice, wakati ambapo hakuwa bado na sheria sahihi ya kupinda kwa mwanga. Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameshaifikia sheria hiyo karibu mwaka 984, lakini Ulaya iliipata kwa Snell mwaka 1621 na kuisoma ikiwa imechapishwa na Descartes mwaka 1637. Kepler alijua kwamba kuna pembe ambayo mwanga haupiti, kwa sababu aliyafuatilia yaliyokuwa yakitokea kwenye kioo. Tunaweza kumruhusu mwanafunzi wetu ajue kwa njia hiyo hiyo.

Kanuni inapokuja, isije kama kitu cha kukariri. Waache wanafunzi watumie sheria ya Snell waliyoisoma wiki iliyotangulia, watafute pembe ya kutokea kwa mwale uliotua kwa digrii 30, kisha 40, kisha 45, walinganishe na walichoona kwenye kopo. Kisha wape digrii 60. Watazidisha 1.33, kipimo cha upindaji cha maji, kwa sine ya 60, watapata 1.15, na watakwama. Jedwali la hesabu halina sine inayozidi moja, na kikokotoo kitawaandikia kwamba kuna kosa. Mwalimu asiharakishe kuwaokoa. Hesabu imewaambia jambo la kweli kabisa: hakuna pembe ambayo mwale huu unaweza kutokea nayo. Mwanafunzi aliyekwama hapo kwa dakika tatu, kisha akauliza kama ndiyo maana mwale ulitoweka, hatahitaji tena kukariri sharti la pili.

Sharti la kwanza lina mtego wake. Tunaposema kitu kizito na kitu chepesi, hata tukiongeza kwamba ni kwa upande wa mwanga, wanafunzi huchukulia uzito wa kwenye mizani. Wameshajifunza mwaka wa kwanza kwamba mafuta huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, na wanaubeba ujuzi huo mpaka hapa. Lakini mwanga husafiri polepole zaidi ndani ya mafuta ya kupikia kuliko ndani ya maji: kipimo cha upindaji cha mafuta ni kama 1.47, cha maji 1.33. Kwa hiyo katika chombo ambamo mafuta yameelea juu ya maji, uakisi kamili kwenye mpaka wao unatokea upande wa mafuta, upande ule mwepesi kwenye mizani, kwa mwanga unaoshuka na kuugonga mpaka kwa zaidi ya digrii 65 hivi. Mfano huu mmoja, ukitolewa mapema, unafuta makosa mengi. Kipimo tunachokitaka ni mwendo wa mwanga. Unapokuwa polepole upande mmoja na kasi upande wa pili, upande wa polepole ndio wenye uwezo wa kuuzuia mwanga usitoke. Ningependa vitabu viandike hivyo moja kwa moja.

Majaribio mawili mengine hayahitaji hata kopo, na kila mwanafunzi anaweza kuyafanya kwenye dawati lake au nyumbani.

La kwanza ni la sarafu. Weka sarafu mezani, isimamishe glasi tupu juu yake, itazame kupitia ubavu wa glasi. Inaonekana. Jaza maji. Sarafu imetoweka, na mahali pake pamekuwa na weupe wa fedha. Wanafunzi hulipenda jaribio hili, na mara nyingi mwalimu huishia hapo, akasema huo ndio uakisi kamili. Ukiishia hapo umeonesha kiinimacho. Endelea: inua glasi, mimina maji kidogo juu ya sarafu, irudishe glasi juu yake. Sarafu imerudi. Sasa kuna la kujadili. Mara ya kwanza palikuwa na tabaka jembamba la hewa kati ya sarafu na kitako cha glasi, na macho yaliyotazama kwa kuinama kidogo tu yalifika kwenye tabaka hilo kwa pembe iliyopita ukomo, yakaishia kuona uakisi. Maji yalipojaza nafasi ile, mpaka wa glasi na hewa haukuwepo tena. Mwanafunzi amejifunza kwamba uakisi kamili hauwezi kuwepo bila mpaka, na kwamba hewa ile ambayo haionekani ndiyo iliyofanya kazi yote.

La pili ni la kidole, na kwangu ndilo jaribio zuri kuliko yote katika mada hii. Shika glasi iliyojaa maji kwa vidole, kisha utazame kutoka juu, kupitia uso wa maji, ubavu wa glasi kwa ndani. Ubavu wote unang'aa kama kioo cha kujitazamia, na vidole vyako huvioni, ila kwa hafifu. Sasa bana glasi kwa nguvu, na kama vidole vimelowa kidogo ni vizuri zaidi. Alama za vidole zinajitokeza, mstari kwa mstari, kwa uwazi ambao huupati hata kwa kuvitazama vidole vyenyewe. Pale ambapo ngozi imegusa glasi, mwanga umepata njia ya kupita, na uakisi umevunjika. Penye bonde kati ya mistari ya kidole hewa imebaki, na uakisi umebaki.

Kuna jambo la kina zaidi chini yake, na mwanafunzi mdadisi wa kidato cha sita anastahili kuelezwa. Hata katika uakisi kamili, mwanga unajipenyeza upande wa pili kwa umbali unaokaribiana na urefu wa wimbi lake, sehemu ndogo sana ya milimita, kabla ya kurudi. Kitu kingine angavu kikisogezwa ndani ya umbali huo, mwanga unavuka pengo. Newton aliliona hilo alipobana vipande viwili vya kioo, na akaliandika katika Opticks ya mwaka 1704. Kwa kidato cha tatu inatosha kusema kwamba uso unaoakisi kikamilifu ni uso usioguswa.

Maneno hayo yanatupeleka moja kwa moja kwenye mkongo wa mawasiliano. Vitabu vyetu hutaja nyaya za kioo kama matumizi ya uakisi kamili, huchora mwale unaodunda kwenye kuta za bomba, basi. Mwanafunzi aliyefanya jaribio la kidole ana haki ya kuuliza: kama kugusa kunavunja uakisi, inakuwaje uzi wa kioo ulazwe ndani ya kebo, ubanwe na nyuzi wenzake, ufukiwe chini ya barabara au kuzamishwa baharini, na mwanga usivuje? Swali hilo ndilo lililowakwamisha wahandisi wenyewe. Nyuzi za mwanzo zilizokuwa uchi zilivujisha mwanga kila zilipogusana au kuingia uchafu. Mwaka 1954 Abraham van Heel wa Uholanzi alichapisha jibu: uvike uzi ganda la kitu angavu chenye kipimo kidogo cha upindaji, ili mpaka unaoakisi ukae ndani, mahali ambapo hakuna kidole, vumbi wala maji yanayoweza kuufikia. Ndani ya miaka michache Basil Hirschowitz na wenzake huko Michigan, Marekani, walikuwa na kifaa cha kutazamia ndani ya tumbo la mgonjwa, chenye nyuzi zilizovikwa ganda la kioo. Uzi wa mkongo wa leo una upana wa mikromita 125, na kiini chake, ambamo mwanga unasafiri, ni kama mikromita 9 tu. Tofauti ya vipimo vya upindaji kati ya kiini na ganda haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo pembe ya ukomo hapo imezidi digrii 80: mwanga unasafiri karibu sambamba na uzi. Ile michoro ya mwale unaodunda kwa zigizaga kali haifanani na uzi wowote ulioko chini ya bahari.

Hapa pia ndipo neno "kamili" linapata thamani yake. Kioo cha kujitazamia chenye mpako wa alumini hurudisha takribani asilimia 90 ya mwanga. Inaonekana ni nyingi. Mwambie mwanafunzi azidishe 0.9 kwa yenyewe mara kumi: imebaki asilimia 35. Mara hamsini: imebaki nusu ya asilimia moja. Bomba lililopakwa alumini lingemaliza mwanga ndani ya darasa lile lile. Uakisi kamili haupotezi chochote kwenye mpaka safi, na kinachopotea ndani ya mkongo kinapotelea kwenye kioo chenyewe. Charles Kao na George Hockham walilionesha hilo mwaka 1966 nchini Uingereza: tatizo lilikuwa uchafu ndani ya kioo, na kama ungeondolewa mpaka asilimia moja ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja, mawasiliano yangewezekana. Mwaka 1970 watafiti wa Corning, Marekani, walipita kiwango hicho. Uzi mzuri wa leo hubakiza zaidi ya asilimia 95 kwa kila kilomita. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa.

Wanafunzi wetu wanaujua mkongo huo kwa njia nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Karibu kila mwenye simu aliona. Mwalimu wa fizikia anayepita kwenye tukio kama hilo bila kulitaja darasani anapoteza mfano ambao hakuna kitabu kinachoweza kuununua.

Jaribio la kuufunga mfano huo ni la zamani. Jean-Daniel Colladon alilifanya Geneva mwaka 1841, na John Tyndall akalionesha London mwaka 1854. Toboa chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa msumari uliopashwa moto, tundu liwe laini, jaza maji, elekeza leza kutokea upande wa pili mpaka ipenye kwenye tundu. Maji yanaruka na kupinda kuelekea chini, na mwanga unapinda pamoja nayo. Mwanafunzi anayeyakinga maji anaona kiganja chake kikiwa chekundu. Baada ya muda maji hupungua, mchirizi hulegea na kukatika vipande, na mwanga hutawanyika nje. Mwulize kwa nini umetoroka sasa.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo vitabu vingi huliweka mwanzo: mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele ya gari kwenye lami ya mchana. Huorodheshwa kama mfano wa uakisi kamili, na sikubaliani na kuwekwa huko bila maelezo. Juu ya lami hakuna uso dhahiri unaotenganisha hewa ya moto na ya baridi. Joto linapungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda, na mwanga unapinda kidogo kidogo mpaka unageuka kwenda juu. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo ulipoakisiwa. Anayeanza na mfano huu anawachanganya wanafunzi kuhusu mpaka, ambao ndio kiini cha mada.

Lakini kwa darasa lililokwisha kuuelewa mpaka, mazigazi yana hesabu nzuri sana. Chukua hewa ya juu ikiwa na digrii 30 za joto, na ile iliyoshikana na lami ikiwa na digrii 60. Tofauti ya vipimo vyao vya upindaji ni kama 0.000024. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, mwanga unageuka iwapo tu unaikaribia lami kwa mwinamo usiozidi digrii 0.4. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.5 kutoka ardhini atauona mwinamo huo kuanzia umbali wa zaidi ya mita 200. Ndiyo maana maji yale hayafikiki: kila unavyosonga, mahali penye mwinamo unaofaa pamesonga pia. Na akiinama mpaka macho yawe nusu mita kutoka chini, maji yatamsogelea mpaka mita 70 hivi. Hilo linaweza kupimwa kwa miguu, saa saba mchana, kwenye barabara tulivu iliyo karibu na shule.

Kuhusu lugha nitasema machache. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaikuta mada hii kwa Kiingereza. Nina msimamo kwamba mabishano yaliyo mbele ya kopo yafanyike kwa Kiswahili, yote, mpaka darasa likubaliane limeona nini. Notisi za Kiingereza zifuate. Anayebishana kwa lugha ambayo haimkwamishi hulitazama jaribio, na anayetafuta maneno huishia kumtazama mwalimu.

Lililobaki ni swali la kupima. Maswali ya kutaja masharti mawili hayapimi chochote, na ya kukokotoa pembe ya ukomo hupima matumizi ya jedwali. Mimi ningeuliza hivi. Mzamiaji amekaa mita 2 chini ya bahari tulivu karibu na Kizimkazi, akatazama juu. Eleza anachokiona ndani ya duara lililo juu ya kichwa chake, anachokiona nje ya duara hilo, na ukingo wa duara una nini. Mwanafunzi anayejua kanuni atapata upana wa duara, mita 4 na nusu hivi, na hizo ni alama za kuanzia. Anayejibu kwamba nje ya duara kuna giza amekariri: anajua mwanga hautoki, lakini hajajiuliza unakwenda wapi. Aliyeelewa atasema kwamba nje ya duara mzamiaji anaona mchanga na matumbawe ya chini yakiwa yamegeuzwa juu yake. Na yule aliyeufuata mwale wa nje kwa macho mpaka ukapotea ataongeza kwamba ufuo wote na minazi yake imebanwa kwenye ukingo wa duara, imefifia, kwa sababu mwanga unaokuja kutoka huko unaugonga uso wa bahari ukiwa umelala, na sehemu yake kubwa inaakisiwa kabla ya kuingia majini.